Sisi watu wa Kivu tulipoikuta bahari: tupeane uzoefu

Mtu wa Kituku
Wandugu, mpwa wangu anashuka Mombasa mwezi wa saba, hajawahi kuiona bahari. Tangu juzi anajitapa hapa nyumbani Goma: "Mjomba, mimi nimekulia ziwani Kivu, maji ni maji." Nikacheka tu, maana 2018 niliyasema hayohayo.

Saa tano asubuhi nilikuwa ufukweni Nyali, hukohuko Mombasa. Maji yako mbali, mchanga mtupu. Nikavua viatu, nikavikunjia ndani ya suruali, nikaweka jiwe juu, nikabaki na bukta. Nikatembea, nikala muhogo wa kukaanga, nikasinzia chini ya mnazi. Kurudi saa tisa, hata jiwe lenyewe silioni. Watoto waliniletea kiatu kimoja, wakicheka.

Kwetu mtumbwi ukiuacha jioni, asubuhi maji yapo palepale. Kule yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea karibu dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndipo yanapozidi, wenyewe wanaita bamvua, na kati ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Nyumba inazama na bati lake! Mliokwisha kuiona, lete habari, nimsomee huyu bwana jioni.

Birere tu
Mie niliinamaka kusukutua mdomo, kama kwetu kwa ziwa. Ile chumvi! Mwenzangu alicheka mpaka akaikala chini. Lakini ile maji inabebaka muntu, yaya. Nililala mgongo, miguu ikapanda yenyewe. Kwa Kivu ukilegea, unaenda.

Fundi wa Himbi
Mzee wa Kituku, mwambie kwanza kwamba mwezi wa saba ni kusi. Upepo unatoka kusini tangu mwezi wa nne hivi, na bahari inachafuka. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndiyo ya watu wapole.

Mimi nilikaa Malindi miezi mitatu kwa kazi ya madirisha. Sehemu nyingi za pwani ile kuna mwamba mbele, mawimbi yanapasukia huko nje, huku ndani unaoga kama uani kwako. Ghuba ya Malindi iko wazi, wimbi linaingia mpaka mchangani, na maji ni ya kahawia kwa udongo wa mto Sabaki. Hapo ndipo kijana mmoja alinipa ubao wake wa kupandia mawimbi. Mrefu kuliko mimi, una kamba ya kufunga kifundo cha mguu.

Nilidhani wimbi litanibeba. Halibebi mtu aliyesimama. Waliowahi kushuka mlima na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, kutoka Kibumba watanielewa: lazima uwe na mwendo wako kabla mteremko haujakushika. Unalala kifudifudi, unapiga maji kwa mikono miwili, unasikia mkia wa ubao unanyanyuka, hapo unasimama mara moja. Ukichelewa, pua ya ubao inazama, nawe unafuata. Nimepigwa kidevu, kamba ikanivuta mguu kama mbuzi wa sokoni, mchanga ulitoka masikioni siku tatu. Nilisimama mara mbili tu, ya pili labda nilihesabu mpaka nne. Nilipiga kelele peke yangu.

Kivu lina urefu wa kilomita kama 90, upepo haupati nafasi, ndiyo maana mawimbi yetu ni mafupi na yanabanana. Lile la bahari linaweza kuwa limezaliwa kwenye dhoruba maelfu ya kilomita huko. Yanakuja kwa makundi, kisha kimya, kisha kundi jingine. Mimi niliingia wakati wa kimya, nikaona kumbe rahisi.

Jambo moja asilisahau. Nilichagua pa kuingilia kati ya mapovu, palipotulia. Yule kijana akanishika bega: "Hapo maji yanarudi baharini, ndipo panapochukua watu." Wenye mbao wanapatumia kutoka nje bila kuchoka. Anayeoga akishikwa asipigane kurudi moja kwa moja, aogelee sambamba na ufukwe mpaka mkondo umwachie, halafu ndiyo arudi.

Dada wa Nguba
Bukavu hapa. Mbona mnaongea kama Kivu ni beseni? Nimetoka Goma kwa boti mchana wa kiangazi, upepo ukatukuta karibu na kisiwa cha Idjwi, mama mmoja akakumbatia ndoo yake ya sambaza, vile visamaki vyetu, hadi mwisho wa safari. Chini yenu kuna mita 400 na zaidi. Na mwezi wa kumi 2024 chombo kutoka Minova kilizama kikiwa kimeshakaribia hapohapo Kituku, bandari ya Goma, watu wanakiona. Huyo kijana avae jaketi la kuokolea huku ziwani pia.

Wa Muanda zamani
Dada, pole kwetu sote. Niongeze kidogo: bahari yetu wenyewe tunayo, kilomita kama 40 tu za pwani, kule Muanda, magharibi mwa Kongo. Hakuna mwamba, wimbi linakuangukia miguuni na kukuvuta. Maji yamechafuliwa na mto Kongo, huoni hata goti lako. Sisi watoto tuliishia magotini, na baba alisimama nyuma yetu.

Mtu wa Kituku
Nimemsomea yote. Dada wa Nguba, nilipofika kwenye maneno yako kijana alinyamaza. Kisha akauliza: "Mjomba, saa ya maji naisoma wapi?"

Fundi wa Himbi
Aulize wavuvi. Akikosa, aangalie mwezi: siku za bamvua Mombasa yanajaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne yamekupwa. Kila siku aongeze zile dakika 50. Na viatu aviweke juu ya mstari wa mwani mkavu, hapo ndipo maji yaliishia. Kisha apige hatua kumi zaidi.