Naomba ushauri: kusoma Biblia kila siku ili nihuishwe rohoni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa hapa Moshi, msharika wa Kilutheri, na ninatamani kwa moyo wote kuhuishwa rohoni kwa kusoma Neno kila alfajiri kabla sijafungua genge langu. Zaburi zinanilisha, hasa ile ya 119 yenye mistari 176, ambamo mwandishi anaomba tena na tena "unihuishe"; lakini nikifika Mambo ya Walawi, kwenye sheria za sadaka na ukoma, macho yanasoma huku moyo umekauka. Je, nifuate mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, au nibaki na sura moja niitafakari hadi jioni? Mliodumu katika jambo hili, hasa wenye watoto wadogo, naomba mnieleze mlianzia kitabu gani.