Je, sitiari za wanasiasa hubadilisha mawazo ya wananchi?

Mwanafunzi, Lubumbashi: Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika ubishi huu. Wenzangu wanashikilia kwamba sitiari katika hotuba ya siasa ni pambo tu, na kwamba msikilizaji huamua kwa hoja na takwimu. Mimi naona kwamba anayechagua sitiari amekwisha kuchagua na suluhisho, kabla hajatoa hoja hata moja. Je, kuna ushahidi?

Mwalimu, Kamalondo: Upo, mwanangu. Mwaka 2011 Paul Thibodeau na Lera Boroditsky wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambamo watu walisoma habari za uhalifu katika mji wa kubuni, wengine wakiambiwa kwamba uhalifu ni mnyama mkali, wengine kwamba ni virusi, huku takwimu zikiwa zilezile. Waliosoma habari za mnyama walielekea zaidi kutaka polisi na magereza. Waliosoma habari za virusi walivutwa zaidi na marekebisho ya jamii. Walipoulizwa kilichowaongoza, wengi walitaja takwimu, na wachache sana waliigusa sitiari. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu.

Mzaliwa wa Likasi: Ushahidi uko hapa kwetu Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasiasa wa chama cha UFERI waliwaita Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, «bilulu», maana yake wadudu. Na mdudu hasikilizwi wala hapelekwi mahakamani, bali huondolewa. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia, nyingi zikiwa na watoto waliozaliwa papa hapa, zilifukuzwa majumbani, zikalala kwenye kituo cha reli cha Likasi zikingoja gari la moshi.

Mstaafu wa mgodi: Ni kweli, ila tusiitwishe sitiari lawama yote. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaporomoka, na kazi zikawa za kugombaniwa. Neno lile lilikuta hofu tayari, likaielekeza kwa jirani. Mwanafunzi, uchunguze pia sitiari zinazopendeza. Sisi tulisema kwamba kampuni yetu ya migodi ni baba na mama, kwa kuwa ilitupa posho, nyumba, shule na hospitali. Lakini mtoto hamdai baba yake hesabu. Mishahara ilipoanza kuchelewa, wengi wetu tulimngojea mzazi, ilhali tulikuwa wafanyakazi wenye mkataba.