Programu inaanguka kwenye kompyuta za mteja mmoja tu: nitajuaje kama ni programu ya usalama?

Swali: Habari wakuu. Programu yetu ya C++ inajifunga ghafla kwenye Windows za mteja mmoja, kosa 0xc0000005 (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) ndani ya ntdll.dll, maktaba ya msingi ya Windows. Kwingine iko salama. Nathibitishaje kabla ya kumlaumu mtu?

Jibu 1: Mkuu, ntdll kutajwa hakumaanishi ndiyo yenye kosa, mara nyingi ni pale tu ajali ilipotokea. Pata dampo kamili, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu wakati wa ajali. Kwenye rejista, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting\LocalDumps, weka DumpType iwe 2. Faili litakaa %LOCALAPPDATA%\CrashDumps. Lifungue kwa WinDbg (zana ya Microsoft ya kuchunguza makosa), piga `!analyze -v`, halafu `lm` inayoorodhesha DLL (maktaba za msimbo) zilizopakiwa, utafute ambayo si yenu wala ya Windows: huenda ni ya programu ya usalama.

Jibu 2: Ongeza `u ntdll!NtCreateFile` humo WinDbg, ikuonyeshe maagizo ya mwanzo ya kazi hiyo ya Windows. Kwenye x64 (biti 64) mwanzo safi ni `mov r10, rcx`. Ukikuta `jmp` hapo, kuna programu nyingine iliyoichepusha njia, kama zifanyavyo programu za usalama. Hilo peke yake si ushahidi wa kosa, tafadhali.

Jibu 3: Kweli kabisa. DLL ngeni hubadilisha mpangilio wa kumbukumbu na mwendo wa nyuzi (threads), hivyo kosa lenu la siku nyingi linaweza kujitokeza hapo tu. Washa Page Heap kwanza, kipengele cha Windows kinachonasa makosa ya kumbukumbu pale yanapotokea. Kisha mteja aiondoe programu yenu kwenye ukaguzi wa programu ya usalama, kwenye kompyuta moja ya majaribio, na aiwashe upya kompyuta hiyo. Kuzima ukaguzi tu hakutoshi: draiva ya programu ya usalama hubaki kwenye kerneli (kiini cha Windows), na amri `fltmc` itakuonyesha.