Naambiwa nitolewe mfuko wa nyongo, lakini maumivu yameisha. Nikubali au nisubiri?

MamaMaandazi_TA

Asalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nina watoto watatu, nauza maandazi na chai alfajiri hapa Makorora, Tanga. Tangu nimzae huyu wa mwisho nilikuwa nashikwa na maumivu kwenye chembe ya moyo, hasa usiku nikila kitu cha mafuta. Yanakaa saa moja, saa mbili, yanaondoka yenyewe. Duka la dawa wakasema vidonda vya tumbo. Nimekunywa omeprazoli mwaka mzima, naacha narudia. Nikaacha maharage, nikaacha pilipili, nikaacha hata embe bichi la chumvi na pilipili, na aliyezaliwa Tanga anajua hiyo ni adhabu. Wapi!

Mwezi uliopita ilikuwa harusi ya wifi yangu. Nimekula pilau, wala sikushiba. Saa sita usiku yakaja maumivu mengine kabisa. Yameanzia chembeni yakatoboa mpaka mgongoni, kama mtu kanipigilia msumari wa inchi sita. Kulala chali siwezi. Nafuu kidogo naipata nikikaa nimeinama, nimekumbatia mto. Nikatapika pilau, nikatapika maji, mwisho nyongo ya kijani, na kutapika kote kule hakukunipunguzia kitu.

Hospitali, swali la kwanza: "Mama, pombe unakunywa kiasi gani?" Mume wangu yupo pale, mama mkwe yupo pale. Mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Akauliza tena, kama vile hakunisikia. Wallahi ile aibu iliniuma kuliko tumbo. Wakapima damu kitu wanakiita laipesi, kikatoka zaidi ya mara kumi ya kawaida. Kongosho limevimba. Mimi kongosho nililiacha darasani, la insulini na sukari. Ultrasaundi ikaonyesha mfuko wa nyongo una vijiwe vidogo vidogo.

Nimelala siku sita na dripu. Sasa mzima, nakanda unga kama zamani. Wameniandikia nirudi kufanyiwa operesheni. Mama mkwe anasema nisikubali kisu, ninywe mafuta ya zeituni na maji ya limau siku tatu, vijiwe vitatoka chooni. Nami najiuliza, kama siumwi, nikatwe cha nini?

TabibuWaZamu

Pole sana dada. Niko wodi ya upasuaji mwaka wa tisa, nitasema ninayoyaona.

Kwanza lile swali la pombe. Mambo mawili ndiyo yanayoongoza kuvimbisha kongosho ghafla: vijiwe vya nyongo na pombe. Kwa hiyo kila mgonjwa anaulizwa, hata shehe. Ila kukuuliza mara mbili mbele ya mkweo ni kukosa adabu, hapo nakuunga mkono.

Mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho hukutana karibu na mlango mmoja wa kuingilia utumbo mwembamba. Kijiwe kikishuka kikaziba pale, maji makali ya kusaga chakula yanakosa njia, yanaanza kazi humo humo ndani ya kongosho. Na kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, ndiyo maana ukasikia msumari mgongoni. Vijiwe vidogo ndivyo vyenye utundu, maana vinapita. Kikubwa mara nyingi kinakaa tu mfukoni.

Maumivu yako yameisha kwa sababu kijiwe kile kimepita. Wenzake bado wamo. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2015, wagonjwa zaidi ya 260 wa aina yako, wale ambao kongosho halikuharibika sana. Waliotolewa mfuko kabla ya kuruhusiwa, wapatao 5 katika kila 100 walirudi na shida ya vijiwe au kufariki ndani ya miezi sita. Walioambiwa waende nyumbani warudi baada ya wiki nne hivi, walikuwa 17. Wewe mwezi umeshapita.

Mafuta na limau: vitatoka vitu vya kijani, laini, kama vijiwe kweli. Ni yale mafuta yenyewe yameganda na limau tumboni, karibu sawa na sabuni.

Ukiona homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi au choo cheupe, usingoje tarehe, nenda usiku huo huo. Halafu swali: kwenu kuna selimundu? Nayo huleta vijiwe vya nyongo.

Tandiboi_Mstaafu

Dada mimi ndiye niliyestahili lile swali, na niliwadanganya. Nilisema "bia mbili wikendi." Nilikuwa namaliza chupa ya mkali kwa siku, njia ya Tunduma kwenda na kurudi. Nimelazwa mara nne, na kila nikitoka nasema nimepona. Mara ya tano sikulazwa, nilianza kukonda. Nakula sahani mbili na suruali inadondoka. Choo kinaelea, kina mafuta, ukivuta maji hakiendi, na harufu yake nyumba nzima inajua nimetoka wapi. Kongosho lilishakauka, halitoi tena kitu cha kusagia mafuta. Sasa nina kisukari, najidunga insulini, na nameza vidonge vya vimeng'enya kila mlo. Nilikuwa navimeza saa mbili baada ya kula, havifanyi kazi, mpaka muuguzi mmoja akaniambia vinamezwa pamoja na chakula. Wewe bado una kongosho zima, dada. Kalitoe hilo fuko.

TibaAsiliBeiPoa

Usikubali kukatwa!! Unga wangu unayeyusha mawe siku 7, njoo inbox.

BintiPangani

Mwenye unga pita hivi. Baba yangu alianza na macho ya manjano bila maumivu yoyote, anajikuna usiku kucha, na sukari imepanda ghafla uzeeni. Tulizunguka na unga kama wako miezi mitatu. Ilikuwa saratani kwenye kichwa cha kongosho.

MamaMaandazi_TA

Nimesoma yote, ahsanteni. Binti, pole sana. Kaka wa lori, nimecheka na kulia kwa pamoja.

Tabibu, selimundu kwetu hakuna, ila nilinenepa kwenye mimba zote tatu. Mume wangu nimemsomea hapa kwa sauti na mama mkwe yuko jikoni anasikia, kanyamaza, kwake huko ndiko kukubali. Tunaenda Jumatatu. Maswali mawili: nikitolewa, maandazi nitaweza kula? Na kukanda unga kilo tano nikae siku ngapi?

TabibuWaZamu

Utakula. Nyongo inatengenezwa na ini, mfuko ni ghala tu. Wengine choo huwa chepesi wiki za mwanzo, anza na maandazi mawili. Kukanda, wakipitisha kamera kwa matundu madogo ni wiki mbili hivi, wakipasua kawaida ni mwezi na zaidi. Mama mkwe akande.