Tumelipa 38,000 kwenda Lamu kusikiliza udi, tukawekewa flashi

Jamani, nimekaa na jambo hili siku nane nikijiambia litapoa. Halijapoa. Naandika usiku huu watoto wamelala, risiti ziko mbele yangu, na bado mkono unanitetemeka.

Mwezi huu mimi na mume wangu tumetimiza miaka kumi ya ndoa. Miaka yote hiyo hatujawahi kutoka sisi wawili peke yetu hata siku moja. Ni kazi, ni karo, ni wageni, ni mazishi. Tangu Januari nikawa naweka kidogo kidogo, bila yeye kujua. Mume wangu, babake Salma, ni mtu wa taarab ya zamani. Marehemu babake alikuwa na kanda za Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, kabati zima, na yeye amekua na sauti ile ya udi, ala ya nyuzi, masikioni. Zein ni mtoto wa Lamu, kazaliwa huko 1939 kabla ya kuhamia huku kwetu Mombasa, na alipofariki 2016 mume wangu alikesha barazani na redio. Lakini mtu huyu hajawahi kukaa mbele ya mpigaji udi akaviona vidole vinavyotembea kwenye nyuzi. Harusi zetu za siku hizi ni spika na kelele. Kwa hiyo nilipoliona tangazo lile, nilisema zawadi yake ni hii.

Tangazo sijalifuta. "Wikendi ya wawili, Mji wa Kale wa Lamu. Ijumaa hadi Jumapili. Taarab laivu usiku zote mbili, na vyakula vya Kiamu: samaki wa kupaka, wali wa nazi, kaa, mkate wa mofa." Shilingi 38,000 kwa watu wawili, kulala na kula. Kuna picha ya mzee amekumbatia udi wake juu ya dari ya makuti, nyuma yake bahari na majahazi. Nilipiga simu nikauliza kwa mdomo wangu: "Ni watu wanapiga kweli au ni spika?" Nikajibiwa, "Laivu, dada. Laivu kabisa." Nikatuma pesa jioni ile ile.

Safari siielezi sana, aliyepanda basi kutoka Mombasa hadi Mokowe anaijua: Malindi, Garsen, Witu, vizuizi vya polisi, shuka uonyeshe kitambulisho, panda tena, ukifika mgongo si wako. Waliahidi boti itatungoja Mokowe. Hapakuwa na boti na simu haikushikwa. Tukavuka na boti ya abiria kwa pesa zetu. Hilo nilishalisamehe. Chumba nacho nimekisamehe, japo kilikuwa kwenye nyumba ya matofali ya juzi huko pembeni, mwendo mrefu kutoka huo Mji wa Kale uliotajwa.

Nisichoweza kukisamehe ni usiku wa Ijumaa.

Baada ya isha tukaitwa juu. Tulikuwa jozi nne za wanandoa, watu wanane. Mume wangu alivaa kanzu na ile kofia yake ya vito, ambayo haitoki sandukuni ila kwa Idi. Akachagua kiti cha mbele kabisa. Nilimwona anasogeza kiti kidogo upande wa kushoto, ili mkono wa mpigaji usimkinge.

Akaja kijana mmoja, kinanda begani na spika moja mkononi. Nikadhani anatangulia, wenzake wako chini. Akachomeka flashi kwenye kinanda, kitaa chekundu kikaanza kuwakawaka. Fidla zikalia, ngoma ya dumbak ikaingia, halafu sauti ya mwanamke ikaanza kuimba. Mwanamke! Na pale jukwaani yuko kijana wa kiume peke yake, vidole vinapitapita juu ya kinanda bila kubonyeza kitu. Katikati ya wimbo akainama, akachukua gilasi ya maji, akanywa mpaka mwisho, akairudisha chini taratibu. Fidla hazikukatika. Yule mwanamke naye hakukatika.

Mume wangu akavua kofia akaiweka mapajani. Hakusema neno. Namjua, akinyamaza hivyo ameumia.

Wimbo wa tatu ukawa ule wa kuwakaribisha watalii, ambao kila mtu wa Pwani ameusikia hotelini mpaka ameuchoka. Sisi ni watalii gani? Tumetoka Kisauni!

Alipopumzika nikamwendea. "Mdogo wangu, udi uko wapi?" Akainamisha kichwa. "Dada, udi hawautaki. Mpiga udi hawezi kuja peke yake, atakuja na mtu wa fidla na mtu wa dumbak, na wote wanataka haki yao. Mimi nalipwa elfu moja na mia tano kwa usiku mzima." Pigeni hesabu. Jozi nne kwa 38,000 ni 152,000. Anayeitwa mwanamuziki anachukua 1,500, na udi eti ni ghali.

Kijana simlaumu, na yeyote atakayemtafuta kumtukana anakosea. Mume wangu alimwomba azime flashi apige chochote anachokijua. Akatazama ngazi kwanza kama kuna mtu, akaizima, akapiga kipande kidogo kwa vidole vyake mwenyewe. Hazikupita dakika tatu. Akakosea mahali, akacheka, akarudia, akapata. Alisema amefundishwa na ami yake. Zile dakika tatu ndizo muziki pekee tuliousikia kwa 38,000 zetu, na watu wote wanane tuliacha kula. Kisha msimamizi akapanda, akamwambia arudishe flashi, wageni wanataka kuchangamka. Ni wageni gani waliosema hivyo? Hakuna aliyetuuliza.

Nikasema kula? Hebu niseme na chakula.

Sahani ya Ijumaa ilikuwa tambi na sosi ya mkebe, soseji mbili, kabichi ya kukaanga. Nikanyamaza, nikasema labda tumechelewa kufika. Jumamosi mchana nikauliza samaki wa kupaka ni lini, nikaambiwa ndiyo huyu anakuja. Akaja samaki wa kukaangwa kwenye mafuta, amelazwa ndani ya mchuzi mwekundu wa nyanya ya kopo. Mimi ni mtoto wa Pwani, huwezi kunidanganya kwa samaki wa kupaka. Changu unampasua mgongo, unamkanda tangawizi, thomu, pilipili na ndimu, anakaa. Unamweka juu ya mkaa mpaka ngozi ishike rangi. Tui zito unalipika pembeni kwa moto mdogo, unalikoroga lisikatike, unatia ukwaju, kisha unampaka, unamgeuza, unampaka tena, mpaka lile tui linamganda mwilini na kingo zinaungua kidogo. Harufu yake inafika nyumba ya tatu. Huyu wa kwao hakuwa na harufu ya moshi wala ya nazi. Wali ulikuwa mweupe wa maji, umeshikana. Nilipomuuliza mpishi nazi iko wapi, akasema hakupewa pesa ya nazi. Jamani, pesa ya nazi, Lamu? Kaa hatukumwona. Mofa hatukuiona.

Jumamosi jioni mume wangu akasema tutoke, tukautafute mji wenyewe. Tukatembea mpaka ndani. Tukaipita Usita wa Mui, ile njia nyembamba ambayo punda mwenye mzigo akija unajibana ukutani kumpisha, tukatokea uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Hapo ndipo hasira zilipoanza hasa, kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye tangazo kilikuwako. Kilikuwako wakati wote! Kina mama wamekaa na karai zao, viazi karai vinatoka kwenye mafuta, mishkaki juu ya makaa, juisi ya ukwaju ya baridi. Tulikula tukashiba kwa shilingi 450, sisi wote wawili. Mama niliyemuuliza mofa alinielekeza nyumba ya jirani yake, akamtuma mtoto akatuletea miwili bado ya moto, imepakwa samli. Nikauliza bei, akasema mgeni haulizi bei, kula kwanza mwanangu.

Huyo huyo mama akaniambia Langoni kuna harusi, kina mama wanapiga vugo usiku ule, nimfuate. Nikamfuata. Sijui kama mnaijua vugo. Ni pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti, mkononi mwa kila mwanamke, na wimbo unapokezanwa mstari kwa mstari, huyu akitoa wale wanajibu. Vile vijiti vikishuka pamoja unavisikia kifuani. Kulikuwa na bibi mmoja hana meno ya mbele, alikuwa akitoa mashairi ya Kiamu ambayo nusu sikuyaelewa na nyusi zake zilikuwa zinaeleza. Nilikaa saa nzima na sikulipa hata senti.

Lakini mume wangu hakuwepo. Ni shughuli ya wanawake, haingii, na ndiyo ada, sina ubishi nayo. Alibaki barazani na wazee, wakampa kahawa chungu. Safari niliyoipanga kwa ajili yake, muziki nimeusikia mimi. Nilipotoka mzee mmoja alikuwa anamwambia, "Mwanangu, taarab hapa huisikia kwenye harusi, au wakati wa tamasha mwezi wa Novemba. Mpiga udi ukimtaka, unamwendea kwake, mnapatana, anakuja. Akikwambia mtu kwamba kila Ijumaa taarab ipo, muulize jina la anayepiga." Maneno ya bure barazani, na hawa wenye biashara hawawezi kuyaandika kwenye tangazo lao.

Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Watu wanatoka mbali kwa sababu ya jina hilo, na waungwana wake nimewaona kwa macho yangu, wanampa mgeni mkate kabla ya kumuuliza jina. Halafu linakuja kundi hili linachukua picha ya mzee na udi wake, yeye mwenyewe pengine hajui, linaichumia pesa, na mpiga udi hapati kazi. Wapiga udi wako wangapi leo kwenye mwambao wetu? Ukiwaambia vijana kwamba flashi ndiyo taarab laivu, nani atakaa miaka kujifunza udi?

Jumapili tulirudi, Jumatatu nikapiga simu. Nilizungumza kwa adabu. Nikasema sitaki zote, tulilala na tulikula kitu, nirudishiwe nusu. Nikajibiwa, "Mama, muziki si ulikuwepo? Laivu maana yake mpigaji yupo mbele yenu. Si alikuwepo?" Nikamwambia mpigaji alikuwa anakunywa maji na wimbo unaendelea. Akasema hiyo ni teknolojia. Kuhusu chakula akasema menyu hubadilika. Nikatuma picha za sahani, nikatuma na tangazo lao lenyewe. Alama mbili za buluu, kisha nikazibwa. Nimepiga kwa simu ya mume wangu, ikazibwa nayo.

Sasa nasema wazi ninachotaka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa maelezo ya kweli, na haki ya fidia akipata hasara. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakataza kumvuta mtu kwa maelezo ya uongo. Na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa imalizwe ndani ya siku 60. Nilipouliza kwa simu "laivu au spika" sikuwa natania. Nilipewa jibu, nikalipa kwa sababu ya jibu hilo.

Kwa hiyo narudishiwa 19,000 kabla ya Ijumaa ijayo, au naenda kufungua kesi. Na wenye biashara hii wengine, mnaofanya kwa haki, andikeni jina la mpigaji na ala zake, andikeni ni usiku gani. Kama ni kinanda na flashi, andikeni kinanda na flashi, atakayetaka atakuja. Zile jozi tatu za wanandoa tulizokuwa nazo juu ile Ijumaa, mkisoma hapa naomba mnitafute, hasa dada uliyetoka Voi, ulikuwa umekaa karibu na spika na uliona zaidi yangu.

Ushahidi ninao. Mume wangu alikuwa ameshika simu tayari kurekodi udi wake wa kwanza, na hakuizima. Ni dakika mbili na nusu, gilasi inaonekana inapanda mdomoni mpaka inakwisha, na mwanamke anaimba.