Miezi 19, rekodi 62, halafu mbele ya kongamano zima naitwa "aliyenisaidia kuchapa"!

Kinasa Sauti (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado ukumbini, safu ya nyuma kabisa, mikono inatetemeka mpaka herufi zinaruka. Mtu asiniambie habari za subira. Leo nimevuliwa nguo mbele ya wasomi mia mbili na aliyenivua hajapepesa jicho.

Mnamjua. Simtaji, ila mnamjua. Yule profesa wa masomo ya kazi na ajira, anayeanza kila sentensi kwa "katika uzoefu wangu". Yule ambaye ukimpelekea sura ya tasnifu inakaa mezani kwake mpaka inaota ndevu. Nusu yenu humu amewasimamia, nusu nyingine amewakimbiza. Huyo huyo.

Amepanda jukwaani kuwasilisha makala yetu. Nasema YETU. Makala inahusu wafanyakazi wa zamu ya usiku. Miezi 19 nimezunguka na kinasa sauti. Mahojiano 62. Nimekaa maghalani saa nane za usiku, nimekaa kwenye vibanda vya walinzi, nimewasubiri wauguzi watoke zamu wakiwa wanayumba. Saa moja ya rekodi ilinila saa sita za kunukuu, maana nyuma ya sauti mashine inanguruma na msemaji mwenyewe kope zinamshuka. Kuna mama mmoja, rekodi ya 41, nilimuuliza analala saa ngapi. Akanyamaza sekunde 14. Nimezihesabu mimi, nikaziandika kwenye mabano. Halafu akasema: "Mimi silali mwanangu, nakopa usingizi." Nilizima mashine nikalia.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno "usingizi wa mkopo". Nililichomoa mimi, nikalijengea hoja mimi: kwamba mtu wa zamu ya usiku analipa deni lake siku ya mapumziko, na riba wanailipa wanawe, kwa sababu siku hiyo moja waliyoingojea wiki nzima wanamkuta amelala kama gogo. Leo hilo neno ndilo kichwa cha makala. Kichwa!

Slaidi ya kwanza: jina lake, kubwa kama bango la uchaguzi. Chini yake jina la rafiki yake ambaye hajasikiliza hata dakika moja ya rekodi. Kisha "na wenzake". Wenzake akina nani? Ni mimi! Peke yangu! Nimegeuzwa wingi ili nisionekane!

Nikameza. Wallahi nikameza. Lakini ulipofika wakati wa maswali akasimama mama mmoja safu ya mbele, akauliza: "Hili neno usingizi wa mkopo mlilipataje?" Profesa akakohoa. Akapekua karatasi. Akatazama dari. Halafu akanyoosha kidole kuja huku nyuma: "Yule pale ndiye aliyenisaidia kuchapa, atakutumia faili."

ALIYENISAIDIA KUCHAPA.

Vichwa mia mbili vikageuka. Wameniangalia sekunde moja, wakamrudia yeye. Kama mimi nilichapa, basi mkunga naye kazi yake ni kushika taulo!

Mwaka 2015 wanafizikia walitoa makala ya kupima uzito wa Higgs, chembe ndogo kuliko atomu, makala yenye waandishi 5,154. Kurasa 33, na kurasa 24 kati ya hizo ni majina na taasisi zao. Watu 5,154 walipatiwa nafasi, mimi mmoja nimekosa mstari!

Na msiniletee "ndivyo ilivyo kwenye utafiti". Jocelyn Bell mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi, anapekua kwa macho karibu mita 30 za karatasi za darubini ya redio kila siku, mpaka akaiona alama ya ile nyota iliyokuja kuitwa pulsa, inayotuma mawimbi ya redio kwa mapigo. Nobeli ya 1974 akapewa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Dunia mpaka leo inanung'unika. Lakini hata yeye, kwenye makala ya 1968 iliyotangaza ugunduzi huo, jina lake lilikuwa la pili! La pili, limeandikwa, linasomeka! Mimi niko ndani ya "na wenzake"!

Natoka nje nipate hewa. Nikirudi nikute mmesema kitu. Kuchapa!

Zamu ya Pili

Pole sana dada. Hapo kwenye "katika uzoefu wangu" nilishamtambua, sikuhitaji kusoma zaidi. Mimi aliniweka kwenye shukrani, mstari wa mwisho, baada ya dereva. Na jina langu likakosewa.

Sahihi Kwanza

Mleta uzi, mlisaini makubaliano ya uandishi kabla ya kuanza? Hamkusaini. Sasa kelele za nini? Wahariri wa majarida ya tiba, lile kundi lililoanzia Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: uwe umechangia wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au kurekebisha rasimu, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Kuzunguka na kinasa sauti ni nusu ya sharti la kwanza.

Halafu jifunze kwa paka. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington aliandika makala peke yake lakini kote akatumia "sisi". Akaambiwa jarida halitakubali "sisi" ya mtu mmoja. Ilikuwa imeshapigwa taipu na hakutaka kuichapa upya, basi akamwongeza paka wake kama mwandishi wa pili, kwa jina la F. D. C. Willard. Ikachapishwa kwenye jarida la Physical Review Letters. Dada, paka wa Kisiamu alijipanga kuliko wewe.

Kinasa Sauti (mleta uzi)

@Sahihi Kwanza nimerudi, na nimekusoma mara mbili. Kwa hiyo paka aliandikwa jina ili mtu asichape, na mimi niliyechapa nikanyimwa!

Sehemu ya mbinu nimeandika mimi. Matokeo nimeandika mimi. Maneno 6,000, yeye amebadilisha "lakini" tatu kuwa "hata hivyo". Sharti la tatu unalolisema, la kuidhinisha toleo la mwisho, ningeidhinisha vipi wakati toleo la mwisho nimeliona leo ukutani pamoja na wageni? Hilo sharti hajanivunjia yeye mwenyewe? Unamtetea nani?

Na kama kazi ilikuwa kuchapa, kwa nini alishindwa kujibu swali la kwanza? Kidole kilikuja kwangu kwa sababu jibu liko kwangu!

Mla Vumbi

Nyinyi watu wa mahojiano mna bahati na hamjui. Mna msimamizi wa kugombana naye. Mimi wa historia niko peke yangu makavazini, kalamu ya wino hairuhusiwi, naandika kwa penseli, napiga chafya, barua moja ya karne ya 19 inanichukua siku tatu kwa sababu mwandishi wake aliandika mlalo, akageuza karatasi, akaandika wima juu ya mwandiko ule ule ili kubana posta. Nimemaliza, nimetuma jaridani. MIAKA MITATU. Mhariri yule mnamjua. Miaka mitatu kimya, halafu mistari miwili: "Mada inavutia. Haiendani na mwelekeo wetu." Ilimchukua miaka mitatu kugundua mwelekeo wao?

Kichupa

Mla Vumbi, miaka mitatu bila matusi ni neema. Mimi niko maabara. Mhakiki wa pili, yule msomi anayepewa na jarida makala aipime kabla haijakubaliwa (wote mnamjua, ni mmoja tu dunia nzima, anahama tu jarida) amenirudishia makala akidai niongeze marejeleo SABA "muhimu". Nimeyafungua. Yote saba ya mwandishi mmoja. Moja ni kuhusu rangi za nguo. Mimi natafiti vichocheo vya kemikali! Halafu mwishoni akaandika kwamba Kiingereza changu kisomwe na mzawa wa lugha, wakati yeye mwenyewe kaandika sentensi isiyo na kitenzi.

Zamu ya Pili

Saba?! Mimi aliniomba manne nikadhani nimeonewa.

Mpima Haki

Nitaonekana mbaya, ila wahakiki wanasingiziwa. Mwaka 1936 Einstein na Rosen walipeleka makala jarida la Physical Review wakisema mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, hayapo. Mhariri akampa mhakiki aisome. Einstein akapandwa na hasira, akaandika kwamba hakutoa ruhusa ya makala kuonyeshwa kwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa, akaipeleka jarida jingine. Na mhakiki ndiye alikuwa sahihi! Kosa lilirekebishwa kabla haijachapishwa huko kwingine mwaka 1937, hitimisho likageuka. Mawimbi yenyewe yakanaswa 2015. Tulieni, msome maoni ya wahakiki mkiwa mmelala vizuri.

Kichupa

Mpima Haki usinitajie Einstein mimi ninayedaiwa rangi za nguo. Twende 1982 basi. Watafiti Peters na Ceci walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwishachapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na taasisi, wakaweka ya kubuni, wakazituma upya kwenye majarida YALE YALE. Tatu tu ziligunduliwa. Kati ya tisa zilizobaki, nane zikakataliwa, nyingi kwa madai ya kasoro kubwa za mbinu. Makala zile zile! Jarida lile lile! Na mwanabiolojia Lynn Margulis, ile hoja yake ya kwamba mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, zilitokana na bakteria walioishi ndani ya seli, ilikataliwa na majarida kama kumi na tano kabla ya kutoka 1967. Leo iko kwenye vitabu vya shule. Sahihi gani unayonieleza?

Mpima Haki

Mfano mmoja wa saikolojia si hukumu ya sayansi yote.

Mla Vumbi

Na katika hayo yote hakuna aliyengoja miaka mitatu.

Herufi ya Mwisho

Naombeni na mimi nipumue. Niko hisabati. Huku hatugombei nani wa kwanza, tunapanga kwa alfabeti. Haki tupu, si ndiyo? Jina langu linaanza na Z. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuwa wa kwanza. Thibitisho zima nimelifanya mimi, usiku wa manane, likanijia nikiwa napiga mswaki, na wa kwanza ni jamaa mwenye A aliyesahihisha mabano. Watu wakinukuu ni yeye "na wenzake". Mleta uzi, mimi ni "na wenzake" wa kudumu.

Sahihi Kwanza

Badilisha jina.

Herufi ya Mwisho

Babu yangu ndiye aliyenipa. Badilisha lako.

Kinasa Sauti (mleta uzi)

Jamani. Jamani! Rudini kwangu kidogo. Yule mama aliyeuliza swali amenifuata nje. Amesema alidhani mimi ni karani. KARANI. Nikamweleza rekodi ya 41 na zile sekunde 14, akakaa kwenye ngazi akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia makala bado iko kwa mhariri haijafungwa, niandike barua leo hii kabla haijapangwa kurasa. Nimeiandika. Ukurasa mmoja. Nimeweka tarehe za rasimu zote, kila faili lina jina langu. Nani anisomee kabla sijatuma? Nikiisoma mwenyewe nikifika kwenye neno "kuchapa" macho yanajaa.

Zamu ya Pili

Nitumie inbox dada, nakusomea. Ila nipo njiani, mpaka jioni.

Mla Vumbi

Mhariri ni yupi? Kama ni yule wangu, hiyo barua ataifungua miaka mitatu ijayo.

Sahihi Kwanza

Ondoa neno "dhuluma" kama umeliweka. Weka tarehe tu. Na mtumie msimamizi nakala.

Mpima Haki

Nakala kwa msimamizi? Umelewa? Atampigia mhariri kabla barua haijafika!

Sahihi Kwanza

Utaratibu ni utaratibu.

Mpima Haki

Utaratibu upi? Uweke hapa tuuone.

Herufi ya Mwisho

Tukirudi kwenye alfabeti, kuna mtu anajua kama wachumi nao hupanga hivyo hivyo au ni sisi tu tunaoteseka?

Mpima Haki

Wachumi wengi nao hupanga hivyo. Kichupa, kuna kitu hujatuambia. Hayo marejeleo saba, uliyaweka au hukuyaweka?

Kichupa

Niliweka matano.

Mla Vumbi

MATANO!

Mpima Haki

Na la rangi za nguo?

Kichupa

Hilo lilikuwa la kwanza. Makala ilikubaliwa wiki iliyofuata.