Mnasema "mnyang'anyeni mzee funguo za gari." Tulishamnyang'anya. Sasa aende na nini?

Wakuu, nina hasira na leo sitazificha. Mtanivumilia kwa urefu.

Wiki tatu zilizopita baba yangu, miaka 81, alikuwa anatoa gari kwenye maegesho ya kituo cha afya. Alitaka kukanyaga breki, akakanyaga mafuta. Alipoona gari linakimbia akazidi kukandamiza, maana kwa akili yake mguu ulikuwa kwenye breki. Gari likapanda ukingo na kuvunja benchi la wagonjwa. Dakika chache kabla ya hapo palikuwa na mama amekaa hapo na mtoto wake. Walikuwa wameshaitwa ndani. Baba alitoka na mchubuko wa mkanda begani tu, lakini tangu siku ile hapati usingizi, na mimi kila nikifumba macho naliona lile benchi.

Sijaja hapa kumtetea kwamba aendelee kuendesha. Nimekuja kwa sababu ya maneno niliyoyasikia baada ya hapo, kutoka kwa majirani, ndugu, hadi watu wasiotufahamu kabisa: "Ninyi watoto mlikuwa wapi? Mngemnyang'anya funguo, basi." Hilo "basi" ndilo limenichoma. Mtu analitamka, anageuka, anaingia kwenye gari lake, anaondoka.

Funguo nilizichukua usiku uleule. Mzee hakubisha, alizitoa mfukoni mwenyewe akaziweka mezani. Asubuhi yake ndipo nilipoelewa tumemfanyia nini. Mtaa wetu ni nyumba tupu, kilomita kwa kilomita. Hakuna duka ndani yake wala zahanati, hakuna hata kibanda cha dawa. Kila kitu kiko ng'ambo ya barabara kuu, na barabara yenyewe haina njia ya waenda kwa miguu, ni ukingo wa majani na magari yanayopita kasi. Basi lipo asubuhi na jioni, kwa ajili ya wanaokwenda kazini. Mtu wa kliniki ya saa tano hana basi. Mtaa huu ulichorwa na mtu aliyeamini kwamba kila atakayeishi humu atakuwa na gari na atakuwa na nguvu za kuliendesha mpaka siku anayokufa.

Na watu hawafi hivyo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ulifuatilia madereva wa umri wa miaka 70 hadi 74. Ulikadiria kwamba mwanamume ataishi kama miaka 6 baada ya kuacha kuendesha, na mwanamke kama miaka 10. Miaka 10, wakuu! Mtoto anazaliwa na kufika darasa la nne. Muda wote huo bibi yako anakaa dirishani anasubiri mtu mwenye nafasi. Halafu tunashangaa kwa nini wazee wakiacha kuendesha wanaingia kwenye sonona. Hilo nalo limeshachunguzwa sana, na wanaoacha usukani wanaonekana kuzongwa na huzuni karibu mara mbili ya wenzao wanaoendelea.

Msinielewe vibaya. Hatari ipo, na nimeiona kwa macho yangu. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha ndani kama theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, ndiyo maana jioni mzee anaendesha kama mtu aliyevaa miwani ya jua. Ukiongeza mtoto wa jicho, taa za gari linalokuja zinamtawanyikia usoni mpaka barabara inapotea. Shingo haigeuki vizuri kutazama nyuma. Kwenye makutano, pale unapotakiwa kukata mbele ya magari yanayokuja, lazima upime kasi ya huyu, umwangalie mvuka barabara, usome taa, yote ndani ya sekunde mbili. Hapo ndipo wazee wengi wanapogongwa. Na wakigongwa, mwili hauhimili: ajali ambayo kijana anatoka akichechemea, mzee anavunjika mbavu na kufa wiki ya pili hospitalini.

Na kosa la pedali si la baba yangu peke yake. Julai 2003, Santa Monica, Marekani, dereva wa miaka 86 aliingia na gari kwenye soko la wazi. Watu 10 walikufa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulisema alikanyaga mafuta badala ya breki. Aprili 2019, Ikebukuro, Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwaua mama na binti yake wa miaka 3 waliokuwa wanavuka. Alidai gari lilikuwa bovu, mahakama ikakataa, mwaka 2021 akahukumiwa miaka mitano jela. Nikisoma habari ya yule mtoto wa miaka 3 nafikiria benchi letu. Sina haja ya mtu kunieleza uzito wake.

Ndiyo maana hasira yangu ya pili inakwenda kwa waliompa baba leseni. Aliihuisha mwaka jana. Alijaza fomu, akaweka alama kwamba anaona vizuri, akasaini, akaondoka nayo. Hakuna aliyemsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Mzee hakudanganya, wakuu. Macho yanafifia polepole na mwenye macho ndiye wa mwisho kujua! Unamuulizaje mtu kama haoni kitu ambacho hakioni? Aprili 2025 mchunguzi wa vifo huko Lancashire, Uingereza, baada ya kuchunguza vifo vya watu wanne waliogongwa na madereva wenye macho mabovu, aliuita mfumo wa nchi yake wa kumwachia dereva ajitangaze mwenyewe kuwa ndio legevu kuliko yote Ulaya. Nilisoma hilo nikapiga meza.

Na daktari je? Baba ana dawa ya usingizi, ya presha na ya mzio, dawa ambazo zinaweza kumlegeza mtu akiwa kwenye usukani. Miaka yote hiyo hakuna hata daktari mmoja aliyemuuliza, "Mzee, hapa umekuja na nini?" Swali la sekunde tatu, na jibu lake lilikuwa linaning'inia kwenye kidole chake, rundo la funguo.

Sasa wale mtakaosema suluhisho ni kuwapima wote wakifika umri fulani na kuwafungia. Mwaka 2006 Denmark walianzisha kipimo cha lazima cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa madereva wazee waliokuwa wanahuisha leseni. Watafiti wakalinganisha kabla na baada. Ajali zenye vifo za wazee wenye magari hazikupungua kwa namna inayoonekana. Kilichoongezeka ni vifo vya wazee waliokuwa nje ya gari, kwa miguu na kwa baiskeli. Someni tena hapo. Waliwashusha kwenye chuma wakawaacha barabarani na miguu yao, kwenye barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma.

Japani angalau wamejaribu kulipa kitu. Ukirudisha leseni kwa hiari unapewa cheti kinachokupunguzia nauli za basi na teksi sehemu nyingi. Mwaka ule wa ajali ya Ikebukuro waliorudisha walizidi 600,000. Lakini mtu wa Tokyo anarudisha leseni akiwa na treni karibu na mlango. Wa kijijini, ambako njia za basi zimekuwa zikifutwa kwa kukosa abiria, anapewa punguzo la nauli ya basi wakati basi lenyewe halipo. Na wameshaamua magari mapya ya otomatiki yawe na kifaa cha kuzuia kukanyaga mafuta kimakosa kuanzia 2028. Naunga mkono kwa mikono miwili. Kingekuwa kwenye gari la baba, benchi lingekuwa zima.

Mwanamfalme Philip wa Uingereza alipata ajali Januari 2019 akiwa na miaka 97, gari lake likapinduka, mama mmoja kwenye gari la pili akavunjika kifundo cha mkono. Februari akarudisha leseni. Watu walimsifu, na alistahili. Ila siku iliyofuata alikuwa na madereva wa kumpeleka anakotaka. Baba yangu ana mimi, na mimi nina mwajiri ambaye juzi ameniambia ruhusa zimezidi.

Najua mtaniambia habari ya teksi za simu. Tumejaribu. Simu anaimudu kwa shida, na safari za karibu madereva wanazifuta wakiona hazilipi. Mara mbili amesimama nje karibu saa nzima. Mtaniambia tumhamishe. Nyumba hiyo ameijenga mwenyewe, marafiki wote waliobaki hai wako humo, ukimng'oa pale hata mwaka hamalizi. Gari la kujiendesha lenyewe? Kliniki yake ni Jumanne hii.

Ninachokitaka hakihitaji maajabu. Basi dogo la mchana, hata kila baada ya saa moja. Njia ya miguu yenye kivuli na mahali pa kukaa. Ruhusa ya mtu kufungua duka na chumba cha dawa ndani ya mtaa, maana sasa hivi sheria ya ramani, ile inayopanga wapi ni makazi na wapi ni biashara, inakataza. Wataalamu wa mipango miji wanajua haya yote, wanayafundisha vyuoni, halafu wanasaini michoro ileile.

Na kivuko. Hiki ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu leo. Jana nilimpeleka baba kwenye mataa ya barabara kuu, nikataka kujua kama anaweza kujifikisha dukani peke yake. Nimepima upana: mita 21. Taa ya waenda kwa miguu inawaka sekunde 18. Maana yake waliipangia mtu anayetembea karibu mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulikuta wanaume 76 kati ya kila 100 na wanawake 85 kati ya kila 100 wa miaka 65 na kuendelea hawafikii mwendo huo. Si wagonjwa hao, ni wazee wa kawaida.

Baba alianza kuvuka taa ilipowaka tu, bila kuchelewa. Sekunde ya 18 alikuwa bado hajafika theluthi ya mwisho ya barabara. Magari yakaanza kupiga honi. Dereva mmoja kijana alishusha kioo akamfokea, "Mzee, kakae nyumbani!" Alifika ng'ambo sekunde ya 27, akashika nguzo ya taa, akakaa kimya muda mrefu akihema. Kisha akaniuliza kama kuna njia nyingine ya kurudi.

Hakuna. Tulisubiri pale mpaka mdogo wangu alipokuja kutuchukua na gari.

Mkutano wa wakazi na ofisi ya barabara ni Alhamisi. Nakwenda na saa yangu na hizo namba tatu, 21, 18 na 27. Kama una mzee wako, kampime kwenye kivuko chenu uniwekee namba hapa chini kabla ya Jumatano usiku, nizibebe zote.